Mmenyamaza Tangu Lini?

Watu arobaini na wawili walinyamaza kwa pamoja, katikati ya neno, na baba yangu akaendelea kuwaongoza.

Alikuwa amefumba macho. Ndivyo alivyokuwa siku zote wimbo ukishamkolea: kope zinashuka, kidevu kinapanda kidogo, na mikono yake minene ya kiwandani inakuwa myepesi, kama ya mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mkono wa kulia ukashuka, ukaenda kando, ukapanda. Wa kushoto ukawatuliza sauti ya pili, ambao hawakuwa wakiimba. Ukawaita besi, ambao hawakuwa wakiimba. Kanisani ilisikika feni ya dari ikikwaruza, na kiatu cha mtu kikisogea sakafuni. Baba alitabasamu. Akaupunguza ukimya ule kwa kiganja, kama ilivyotakiwa mwisho wa mstari wa pili, kisha akaupandisha tena.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la mbele, nahesabu mapigo. Ni mimi niliyewaambia wanyamaze, na ni mimi niliyeinua mkono ulipofika wakati.

Mmoja tu alikiuka. Tulimwita Ngurumo, mwuza nyama mwenye besi ya kutikisa vioo vya madirisha. Aliimba maneno mawili peke yake baada ya wenzake kukata, akatazama kushoto, akatazama kulia, naye akanyamaza. Nadhani maneno yale mawili ndiyo yanayomwezesha kulala usingizi mpaka leo. Mimi sina hata hayo.

Yalipita mapigo kumi na sita kabla baba hajafumbua macho. Aliona midomo imefungwa. Mikono yake ilibaki hewani, kwa sababu mikono huwa ya mwisho kupata habari.

"Mmechoka?" aliuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Watu walinitazama mimi, naye akayafuata macho yao mpaka akanifikia. Tulitazamana. Kisha akawageukia wanakwaya, na safari hii aliuliza taratibu, karibu kwa aibu, kama mtu anayeulizia njia katika mtaa aliozaliwa.

"Mmenyamaza tangu lini?"

Nilidhani anauliza habari ya ubeti ule wa tatu uliokuwa ukiimbwa. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba hakuwa na njia ya kujua. Pengine kwa miezi. Pengine Jumapili zote zile, alipofumba macho, hatukuwa tunaimba.

*

Nikijaribu kueleza tulivyofika pale, hadithi yenyewe huanza kunitetea, nami nimejifunza kuiogopa inapofanya hivyo. Nitasema tu yalivyokuwa.

Baba alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha mbao, kwenye mashine ya randa. Hakujua kusoma. Nyimbo ziliingia kwake kwa sikio na hazikutoka tena. Angeweza kumfundisha kila mtu sauti yake, mstari kwa mstari, mpaka ya mwisho imkae mwimbaji kama jina lake mwenyewe. Kila Alhamisi alikuja mazoezini na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hata baada ya kustaafu tuliona kama vumbi lile bado lipo. Kanisa zima lilimwita Mwalimu. Mchungaji alimwita Mwalimu. Hata mama, alipokuwa hai, alimwita hivyo akitaka kumtania.

Mwalimu wa kweli nilikuwa mimi. Nilisoma chuo cha ualimu, nikaongeza miaka miwili ya muziki, nikapata cheti chenye muhuri, na kazi katika shule ya sekondari. Jumapili niliyorudi, mama mmoja mzee alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akamwambia mgeni aliyekuwa naye, "Huyu ni mtoto wa Mwalimu." Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu. Nilicheka, na kicheko kile kikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Masikio ya baba yalianza kwenda polepole. Kwanza hakusikia mlango ukibishwa, halafu simu, halafu wajukuu. Kanisani alianza kutoa sauti ya kuanzishia wimbo chini ya ilivyotakiwa, na kwaya, kwa upendo au kwa mazoea, ikamfuata huko chini, mpaka besi wakawa wanakwangua sakafu. Siku kwaya za makanisa yote zilipokutana, niliona binti mmoja wa kwaya ngeni akijiziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo ili asicheke. Baba alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeyafumbua.

Kuanzia siku ile nilisema nina wivu kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kiburi kina tabia hiyo: hakibishi hodi kwa jina lake.

Nilimwendea dada yangu mkubwa. Baba aliishi kwake tangu mama afariki. Ni fundi wa kushona, cherehani yake iko sebuleni, na alinisikiliza bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mwambie hapa nyumbani," alisema. "Ukiwa umekaa, naye amekaa. Sema polepole, akutazame midomo."

"Atakataa. Unamjua."

"Akikataa, atakuwa amekataa nyumbani."

Sikumwambia. Na si kwa kuhofia kwamba angekataa. Nilimjua baba yangu kuliko hivyo. Nilihofia angekubali. Angetikisa kichwa, angesema sawa mwanangu, shika wewe, na mambo yangeisha kimya kimya juu ya kochi la dada, pasiwe na mtu wa kujua kwamba nilikuwa sahihi. Nilitaka mashahidi.

Alhamisi ile baba alichelewa kidogo; alikuwa nje bombani akinawa mikono, maana hakugusa mimbari bila kunawa. Nikasimama mbele ya kwaya. Nikawaambia tutakapofika ubeti wa tatu, kwenye neno fulani, wote wakate. Wimbo wenyewe ulikuwa wake, aliutunga mwenyewe kutoka kwenye habari za yule mfalme wa Maandiko aliyetembea juu ya paa la jumba lake akijisifia mji, kisha akaondolewa akili na kupelekwa kula majani pamoja na ng'ombe. Tulikubaliana kukata pale mfalme anapoinamia majani. Ubeti wa nne, ambamo anainua macho juu na kurudishiwa akili yake, hatukuufikia.

"Si vizuri," alisema Ngurumo.

"Tumeshindwa kumwambia kwa mdomo," nikamjibu, ingawa hakuna aliyejaribu. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Sauti ya tatu wakacheka. Nikafurahi kwamba wamecheka.

*

Baada ya swali lake baba alishusha mikono. Alifunga kifungo cha mkono wa shati, ambacho hakikuwa kimefunguka. Akapita katikati ya mabenchi, akakaa la nne, na kutoka pale akaniashiria kwa kidevu: endelea.

Nikaendelea. Nilisimama mahali pake, nikatoa sauti kama ilivyotakiwa, na kwaya ikaimba. Hili ndilo nisilowaambia watu: uliimbwa vizuri. Uliimbwa vizuri kuliko miaka mitano iliyopita, na mimi, baba yangu akiwa amekaa nyuma yangu akitazama mgongo wangu, nilifurahi.

Jioni ile dada alinisubiri mlangoni. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Hakugomba.

"Unajua masikio yale yalikokwenda?" aliniuliza. "Daktari wa kiwanda alimwambia ahame mashine ile. Ulikuwa ndiyo kwanza unaingia chuo. Mashine nyingine hazikuwa na ujira wa kutosha, akabaki." Akakata uzi kwa meno. "Masikio yake ndiyo uliyosomea."

Nilisema sikujua. Ilikuwa kweli. Nilisema pia kwamba isingebadili kitu. Kwaya ni kwaya. Hilo nalo, wakati ule, nililiona ni kweli.

Jumapili iliyofuata mchungaji alinikabidhi kwaya rasmi. Nilinunua ubao, nikachora nota. Niliwapa wanakwaya mtihani, watu wazima, wengine bibi na babu. Nikamwondoa mshona mashuka mmoja aliyeimba sauti ya kwanza kwa miaka ishirini kwa sababu hakuweza kutofautisha nota nyeusi na nyeupe. Alinishukuru, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akaenda. Nikamwona kama mtu aliyeelewa.

Mchungaji alihubiri habari ya mgeni anayekimbilia kiti cha mbele karamuni, akaja kuambiwa mbele za watu asogee nyuma ampishe mwingine. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, natikisa kichwa. Nilipitisha macho kanisani nikitafuta mahubiri yale yanamhusu nani, nikapata watu watatu. Baba alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, akitazama midomo ya mchungaji kwa bidii, kama mtu anayejaribu kusoma bango lililo mbali.

Anguko langu halikuwa na kishindo. Kwaya haikugoma, hakuna aliyeninyooshea kidole. Waliacha tu kuja. Mmoja mtoto anaumwa, mwingine amebadilishiwa zamu, mwingine mvua. Wakawa ishirini na saba. Niliwasema walio wazembe mbele ya walio waaminifu, na waaminifu nao wakapungua. Mwezi wa sita wakawa kumi na wanne. Nilimfuata Ngurumo buchani kwake, nikamkuta anakata mbavu. Hakuacha kukata.

"Ukiinua mkono," alisema, "tunauona ule mkono wa siku ile. Uliuinua hivyo hivyo kutuambia tukate. Koo linakauka, mwalimu. Si makusudi."

Lilikuwa jina nililolitamani muda wote ule. Alilisema kwa adabu, kama mtu anayemwita afisa.

Mchungaji naye aliniita ofisini, chumba kidogo chenye meza na viti viwili vya plastiki. Alinitaka niombe radhi: kwa baba kwanza, halafu kwa kwaya.

"Kosa langu ni lipi, mchungaji? Nilisema kweli."

"Hukusema," alijibu. "Ungesema, ningekutetea."

Nikatoka nimenuna. Nilijiambia wanaionea wivu elimu yangu. Siku ya kwaya zote kukutana tena nilisimama mbele na watu tisa, hakuna besi hata mmoja, majoho mapya yamewapwaya. Tulifika ubeti wa pili. Sauti ya pili ikapotea, ya kwanza ikaifuata kuitafuta, na mimi nikaona mkono wangu mwenyewe unapanda kuwasimamisha. Pakawa kimya. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi kwa huruma, makofi matano au sita, akaacha alipoona yuko peke yake. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani. Alikuwa mtu pekee mle ndani ambaye hakusikia tulivyoharibu.

Kwaya ikasimamishwa "kwa muda." Sikurudishwa tena.

*

Mtu akishavunjika, husemwa, ndipo hujifunza. Labda wengine. Mimi nilivunjika nikabaki na vipande vyenye ncha.

Baba aliugua mapafu mwaka uliofuata. Vumbi la mbao, walisema. Nilianza kwenda kwa dada kila Jumamosi, nimebeba matunda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nilisema jua kali leo, akatikisa kichwa. Nilisema barabara imechimbwa, akatikisa kichwa. Kufikia wakati ule alikuwa hasikii kitu, na macho yake yalichoka kufuata midomo, basi alimkubalia kila mtu kila kitu.

Nilikuwa nimeshaamua kumwomba msamaha. Nilikuwa nao tayari, nimeupanga maneno njiani. Nilichokuwa sijafikiria ni kwamba msamaha wa namna ile mtu huunong'ona, na baba hakuwa mtu wa kunong'onezwa tena. Kumwandikia haikuwezekana, hakujua kusoma. Ilibidi upigiwe kelele. Na nyumba ya dada ilikuwa vyumba viwili vilivyogawanywa kwa pazia, mteja wa nguo hakosi sebuleni, na dirisha la baba lilifungukia uani, wanawake wa nyumba tatu wanafua. Kila neno lingekwenda na maji ya sabuni mpaka mtaa wa pili.

Jumamosi ya kwanza nilisema leo kuna wageni. Ya pili nikasema amechoka. Ya tatu alilala muda wote, na nilishukuru.

Kabla ya ya nne, akalazwa.

Nilikwenda mchana, saa ya kutazama wagonjwa, moja kwa moja kutoka shuleni. Wodi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, vyote vina watu. Ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa deki, na sakafu ilimeta kwa maji yenye harufu ya dawa. Dada alikuwa amekwenda duka la dawa la hospitali kuchukua dawa. Ngurumo ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, ameshika mkono wa baba. Nilimwomba nibaki na baba faragha.

"Kaa naye," alisema akiinuka. "Lakini faragha hapa hutaipata, ndugu yangu." Akasogea hadi dirishani, akatugeuzia mgongo.

Baba alikuwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa.

"Baba," nilisema. "Nimekuja kukuomba msamaha."

Akatikisa kichwa. Nilikijua kichwa kile. Kilikuwa kile cha jua kali na barabara iliyochimbwa.

"Baba, nisamehe." Nikapandisha sauti. Mazungumzo ya kitanda cha jirani yakakatika. Nikapiga moyo konde. "Nisamehe! Kwa siku ile ya kwaya! Nisamehe, baba!"

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mguu wake uko kwenye plasta, akajiinua kwa kiwiko, kwa nia njema kabisa. "Mzee! Kijana wako anaomba msamaha!" Na mwingine wa upande wa pili, mzee mwenye sauti ya filimbi: "Msamaha, mzee! Msamaha!" Muuguzi akatokea mlangoni akasema jamani, hapa ni wodini. Mtu akacheka, bila ubaya. Baba alizungusha macho kwa huyu na kwa yule, midomo yote ile inafunguka na kufungwa, akihangaika atafute jibu la kuwaridhisha wote. Mwisho akanirudia mimi. Akanipapasa mkono.

"Nimekula, mwanangu," alisema kwa sauti kubwa. "Dada yako amenilisha."

Nilisema, "Vizuri, baba."

Alifariki Jumatatu, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa.

Mazishini kwaya ilikuja, karibu wote, hata yule mshona mashuka. Hakuna aliyewaita. Ngurumo ndiye aliyetoa sauti, na aliitoa chini, na hakuna aliyesahihisha. Nilisimama hatua tatu kutoka kwao. Hakuna aliyenizuia kujiunga nao. Hakuna pia aliyenisogezea nafasi.

Siku ya nne, wageni wameondoka, nilimsaidia dada kukunja mashuka yaliyokuwa ya kitanda cha baba. Yalikuwa yamekaushwa na jua, magumu kidogo. Tulisimama kila mmoja upande wake, tukakutanisha ncha, tukaachana, tukakutanisha tena. Alikuwa hajaniambia neno zaidi ya yaliyokuwa ya lazima tangu msiba uanze.

"Ngurumo amenisimulia ya wodini," alisema.

"Nilipiga kelele, dada. Watu wote walisikia."

"Nimeambiwa." Alinyoosha pindo kwa kidole gumba, kama anyooshavyo nguo ya mteja. Hakuwa na hasira. "Mbona hukupiga magoti? Macho alikuwa nayo."

Ningeweza kumwambia sikuwaza. Angeniamini, au angeniachia. Lakini niliwaza. Nakumbuka vizuri: baba aliponirudia na kunipapasa mkono, wazo lile lilinijia, la kushuka tu chini, kando ya kitanda, na nikatazama sakafu. Niliona maji. Nilikuwa nimevaa suruali ya kazini, ya rangi ya maziwa, na nilikuwa na kipindi saa tisa.

Shuka lilikuwa limelegea katikati yetu.

"Vuta upande wako," alisema dada.

Nikavuta.